Namna ya Kupima Presha Kabla Presha Haijakupima Wewe

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa Pwani ya Kusini ambaye haumwi na kitu. Anayeumwa hauhitaji, maumivu yenyewe yatamfikisha hospitali, kwa miguu yake au juu ya bodaboda. Anayeuhitaji ni wewe unayekwea mnazi asubuhi kule Mwabungo, wewe unayeunganisha zamu mbili kwenye hoteli ya Diani, wewe unayevuta jarife Gazi, na wewe unayefungua duka Ukunda kukiwa bado giza. Ukiulizwa presha yako ni ngapi, unajibu, "Mimi niko sawa." Presha hujibiwa kwa namba mbili, na asiyejua namba zake anabahatisha tu.

Malaria tunaijua huku kusini. Ina adabu zake: hubisha hodi kwa baridi, ikaingia na homa, na kila mtu nyumbani akajua mgeni amefika. Presha haibishi hodi. Yaweza kukaa mwilini miaka mingi ikisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, ikikaza kuta za mishipa, ikiuchosha moyo, ikiharibu figo na macho polepole, na muda wote huo mwenyewe anakula, analala, anacheza bao na kushinda. Siku ikijitangaza, mara nyingi hujitangaza kwa kiharusi.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya, Shirika la Takwimu la Taifa na Shirika la Afya Duniani walifanya uchunguzi Kenya nzima kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Na kati ya wale waliokutwa nayo, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuwa wakitibiwa. Hatua zinazofuata zimeandikwa ili wewe utoke katika hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Acha kupima kwa kisogo

Watu wengi wana mashine yao ya nyumbani, nayo ni kisogo. Kikiuma, presha imepanda. Kikinyamaza, presha imeshuka. Wengine hupima kwa hasira: fulani amefoka barazani, basi huyo ana presha, mwenzake mpole, mwenye tabasamu, anahesabiwa mzima. Vipimo hivi vyote viwili havifai kitu. Mtu mwenye 170 kwa 100 anaweza kuwa mpole, akatabasamu vizuri, na kichwa kisimuume kwa mwaka mzima.

Mashine ya kweli ipo, tena ni ya zamani. Mkanda wa kuvimbishwa kwa hewa unaofungwa mkononi ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika mshipani mkanda unapolegezwa, na tangu hapo daktari akaweza kuzipata namba zote mbili kwa kusikiliza. Reli ile imeshazeeka na nyingine imejengwa kando yake. Hakuna sababu ya sisi kubaki na kisogo.

Hatua ya 2: Vipange visingizio vyako foleni, uvijibu kimoja kimoja

*"Babu yangu alikula papa wa chumvi maisha yake yote, akafika miaka tisini."* Mwenyezi Mungu amrehemu babu. Lakini babu alikwenda shamba kwa miguu na kurudi kwa miguu, akalima kwa jembe la mkono, akala muhogo wa kuchemsha na mchicha. Wewe unapanda tuktuk kutoka stejini hadi dukani. Tena wenzake walioanguka ghafla wakiwa na miaka hamsini hawakubaki kutusimulia walikula nini, ndiyo maana hadithi za barazani ni za walioishi tu.

*"Sina wakati."* Kupimwa kunahitaji dakika kumi, tano kati ya hizo ni za kukaa kitini bila kufanya lolote. Umeshawahi kungoja feri Likoni kwa muda mrefu zaidi ya huo, jua kali, mzigo kichwani, na hukufa.

*"Mimi bado kijana."* Presha huwapata hata wa miaka ishirini na kitu, hasa penye mzazi mwenye presha, kitambi, sigara au pombe. Miraa na muguka navyo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Dereva anayetafuna ili akeshe barabarani anapaswa kupimwa mapema kuliko wengine.

*"Nikijua, nitaanza kuumwa."* Hofu hii ni ya kweli na haipaswi kuchekwa. Wengi wameona jirani akipewa habari mbaya hospitalini, na wakajifunza kuikimbia hospitali. Lakini presha iko pale pale ukiijua au usipoijua. Ukiijua mapema hutibika kwa vidonge vya kawaida na mabadiliko ya jikoni, nawe ukaendelea kuvua, kulima na kulea. Usipoijua, atakayeijua kwa niaba yako ni mtoto wako anayekulisha uji kwa kijiko.

*"Lile halikuwa presha, lilikuwa jini."* Husemwa sana mtu anapoamka kinywa kimekwenda upande na mkono umelegea. Tuliseme hili kwa heshima na kwa uwazi. Dua ina nafasi yake na hakuna anayemnyima mgonjwa dua. Lakini uso uliokwenda upande, mkono uliokosa nguvu na ulimi uliokuwa mzito ghafla ni dalili za kiharusi, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Anayetaka kumsomea na amsomee ndani ya gari, gari likielekea hospitali.

Hatua ya 3: Chagua mahali, tena pa karibu

Huna haja ya kuvuka feri wala kupita Dongo Kundu. Dispensari ya mtaa wenu inapima presha. Vituo vya afya kama vile vya Diani na Tiwi vinapima. Hospitali za Kwale, Kinango na Lungalunga zinapima, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni kwa wanaohitaji uchunguzi zaidi. Maduka mengi ya dawa yana mashine pia, na hutoza hela kidogo.

Kuna na mlango wa sita, nao ni wako mwenyewe. Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini kote, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Mhudumu wa kijiji chenu ni mtu unayemjua, pengine binti wa shangazi yako. Akibisha hodi usimtume mtoto aseme hupo. Mkaribishe, mpe kiti, kisha umpe mkono wako.

Kwa wanaosahau, ipo kanuni moja nyepesi: kila unapoingia kituo cha afya kwa shida yoyote, iwe umempeleka mtoto chanjo au umemsindikiza jirani, mwambie nesi, "Naomba unipime na presha." Kwa mama mjamzito hili si la kusahau kabisa. Apimwe kila anapokwenda kliniki, kwa sababu presha inayopanda baada ya wiki ya 20 yaweza kuleta kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Akiumwa kichwa sana, akaona marue marue, au akavimba uso na mikono, asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Keti, nyamaza, upimwe ipasavyo

Hapa ndipo kipimo huharibikia. Umeshuka kwenye bodaboda, umebishana nauli, umetembea juani, kisha unanyoosha mkono ukiwa umesimama mbele ya nesi ukisema una haraka. Namba utakayopewa ni ya safari na ugomvi wa nauli.

Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe kahawa, usivute sigara, usitafune muguka, wala usifanye kazi nzito. Nenda chooni kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Keti dakika tano. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili zikae sakafuni, miguu isikunjane. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda hufungwa juu ya ngozi, wala haufungwi juu ya mkono wa kanzu au buibui. Mama anayetaka sitara aombe nesi wa kike au pazia, na ana haki ya kupewa. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, kwa kuwa mdogo hubana na kutoa namba ya juu kuliko ilivyo.

Halafu unyamaze. Kwa watu wa Pwani hii ndiyo kazi yenyewe.

"Bi, tulia kidogo, usizungumze."

"Sizungumzi, mwanangu. Nakuuliza tu, mamako hajambo?"

"Hajambo, salamu zako zimefika. Mengine tutaongea mkanda ukitoka."

Ombi la nesi ni la kitabibu: kuzungumza wakati wa kupimwa hupandisha namba. Bi akinyamaza, mkanda unavimba, unabana mpaka anahisi mapigo yake mwenyewe karibu na kiwiko. Kisha hewa inatoka taratibu, namba zinateremka kwenye kioo, zinasita, zinasimama. Dakika moja inapita, anapimwa tena. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu kwa sababu ya wasiwasi, na ndiyo maana nesi makini haridhiki na kimoja.

Hatua ya 5: Dai namba zako

Usikubali kuambiwa "iko sawa" ukaenda zako. Uliza: ya juu ngapi, ya chini ngapi? Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ziandike kwenye kadi au daftari la duka, pamoja na tarehe. Simu nayo yafaa, ila simu huibiwa na hutumbukia baharini, kwa hiyo karatasi isikosekane.

Maana yake ni hii. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ya juu ikiwa kati ya 120 na 139, au ya chini kati ya 80 na 89, si ugonjwa bado, lakini uiangalie na urudi mapema. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji daktari. Kwa mwenye mashine nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mtu huwa ametulia. Ukinunua, nunua ile ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi.

Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, keti, tulia, pima tena baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kiwi machoni, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, usipime tena. Hospitali, sasa hivi.

Hatua ya 6: Rudi

Kupimwa mara moja ni kuanza. Mtu mzima asiye na tatizo apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Aliye karibu na mpaka, mwenye kisukari, mwenye kitambi au mwenye mzazi aliyepata kiharusi apimwe mara nyingi zaidi. Aliyeanzishiwa dawa arudi kila mwezi mpaka namba zikae sawa, kisha kila miezi mitatu hadi sita, kadiri atakavyoelezwa.

Dawa nazo zina masharti matatu. La kwanza, usiache kwa sababu umejisikia vizuri. Ulijisikia vizuri hata kabla ya kuanza, na hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Presha iliyoshuka kwa dawa hupanda tena dawa ikiachwa. La pili, usimeze vidonge vya jirani, hata akiwa ndugu wa damu. Vipo vinavyofaa mwenye figo nzima na kumdhuru mwenye figo mbovu, na vipo asivyopaswa kupewa mjamzito. La tatu, dawa ikikuletea shida, kama miguu kuvimba au kikohozi kikavu kisichoisha, mwambie aliyekuandikia. Atakubadilishia, maana aina ziko nyingi. Ukikaa kimya ukaitupa chini ya kitanda, umeipa presha ushindi bure.

Mfungaji wa Ramadhani amuone daktari Shaabani, kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zaweza kupangwa wakati wa futari na daku, lakini upangaji huo ni wa daktari. Kuziacha mwezi mzima ni hatari, na dini haimlazimishi mgonjwa kujidhuru.

Hatua ya 7: Ikague sahani

Miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Neil Poulter, waliwafuata Waluo waliokuwa wakihama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa 1990 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilionekana mapema, bila kungoja miaka. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na vyakula vyenye potasiamu kidogo zaidi. Damu ilikuwa ileile, ukoo uleule; kilichobadilika ni maisha na sahani.

Safari hiyo twaijua. Kijana anatoka Kinango au Mkongani, anapata kazi Diani, anapanga chumba Ukunda. Nyumbani alikula sima na mboga za majani. Sasa asubuhi ni viazi karai, mchana chipsi, jioni mihogo ya kukaanga pale stejini. Itazame mihogo hiyo inavyotayarishwa: inatolewa mafutani, inapasuliwa katikati, kisha muuzaji anachota kwa vidole vitatu chumvi iliyochanganywa na pilipili na kuinyunyiza ndani ya ufa, halafu juu, halafu tena juu kwa ukarimu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kinahesabu yote: ya mezani, ya mkate, ya vidonge vya mchuzi, ya achari, na ya ng'onda aliyekaushwa kwa chumvi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji, "Weka pilipili, weka ndimu, chumvi niachie." Atakushangaa mara ya kwanza, ya pili atakuzoea. Ng'onda na papa waloweke, umwage maji, uloweke tena kabla ya kupika. Chupa ya chumvi itoke mezani irudi jikoni. Ongeza mchicha, kunde, mbaazi, ndizi na machungwa, ambavyo huku kwetu havina uhaba. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Tembea. Sigara iache, pombe ipunguze au uiache, na tembo la mnazi ni pombe pia.

Hatua ya 8: Nenda na mwenzako, kisha mdai anayepaswa kudaiwa

Wanawake wengi hupimwa angalau wakiwa wajawazito. Mwanaume anaweza kufika miaka hamsini mkono wake haujawahi kuguswa na mkanda. Kwa hiyo hatua hii inawahusu hasa wanaume wa barazani. Chagueni siku moja, tuseme Ijumaa baada ya swala au siku bahari imechafuka na ngalawa hazitoki, mwende dispensari watano kwa pamoja. Mtataniana njiani, na utani huo utamfikisha yule mwoga ambaye peke yake asingefika. Siku ya Presha Duniani ni Mei 17. Anayetaka tarehe isiyosahaulika aishike hiyo, lakini aliyesoma haya Oktoba asingoje Mei.

Mkishapimwa, mna neno la kusema. Tangu 2013 afya ya vituo vyetu iko mikononi mwa kaunti, na kila mwaka wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Mikutano hiyo hujaa maswali ya barabara na basari, na ni maswali halali. Ongezeni haya: dispensari yetu ina mashine ngapi za presha zinazofanya kazi? Mhudumu wetu anapata wapi betri za mashine yake? Dawa za presha zilikosekana siku ngapi mwaka huu? Mgonjwa aliyeambiwa arudi kila mwezi, akatumia nauli kutoka Lungalunga au Kikoneni, akakuta hakuna dawa, mara ya tatu harudi, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mashine isiyo na betri haipimi mtu, na dawa iliyoandikwa kwenye karatasi ya bajeti haishushi presha ya mtu. Zinapaswa kudaiwa zote mbili, kwa jina la kituo na kwa tarehe, na anayezidai kwa nguvu zaidi ni yule aliyesimama mkutanoni na kadi yake ya presha mkononi.